Nguvu ya Soda Haifiki Machi

Kila Januari barabara za miji yetu hujaa watu wenye raba mpya. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, vikundi vya jogingi hupita wakiimba kwa mwendo wa mchakamchaka. Jimu huandikisha wanachama wanaolipia miezi mitatu kwa mkupuo, na majumbani soda huondolewa mezani ikawekwa chupa ya maji. Machi ikifika vikundi vimepungua, kadi ya jimu iko kwenye droo, na mwenye raba amerudi alipokuwa, safari hii akiwa na mzigo wa ziada wa kujiona dhaifu. Kiswahili kina jina la msukumo wa namna hii: nguvu ya soda. Chupa ikifunguliwa povu hupanda kwa kishindo, na dakika chache baadaye limetulia tuli. Maelezo tunayopeana kuhusu kushindwa huku ni mepesi mno, kwamba mtu hana nia, ni mvivu, hana nidhamu. Naamini maelezo hayo yanamwonea na, baya zaidi, yanamzuia kuona kosa lilipo. Nia ilikuwapo, tena tele. Kilichokosekana ni mpango uliokatwa kwa kipimo cha siku yake mbaya: siku ya mvua, ya foleni, ya mtoto kuumwa, ya mshahara kuchelewa. Kukimbia saa nzima ni mpango wa siku nzuri, na kwa mtu mzima anayehangaikia riziki mjini, siku nzuri si nyingi.

Lugha yenyewe inatuonyesha njia. Neno “mazoezi” limetokana na kitenzi kuzoea. Ni ndugu wa damu wa “mazoea”. Ndani ya neno hilo hamna jasho wala vyuma vizito. Kilichomo ni kurudia jambo hadi mwili ulikubali bila kubembelezwa. Sisi tumelitenga neno na ukoo wake, tukalipa maana ya tukio: kitu chenye saa yake, nguo zake, ada yake na mahali pake. Ndiyo maana mtu anayetembea nusu saa kila siku kwenda sokoni na kurudi atakuambia kwa moyo mweupe kwamba hafanyi mazoezi.

Mambo haya si madogo. Mwaka 2012 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Mtu mmoja kati ya wanne alikutwa na presha, na asilimia 9 walikuwa na kisukari. Utafiti kama huo uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulipata kiwango cha presha kinachokaribia hicho. Ni rahisi kusema watu wamekuwa wavivu, lakini kuna ushahidi wa nyumbani unaoeleza vizuri zaidi. Watafiti waliwafuatilia watu wapatao 200 waliohama vijiji vya Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam. Kabla ya kuhama, karibu wanaume wanane katika kila kumi walikuwa wakifanya shughuli za kutumia nguvu nyingi. Baada ya mwaka mmoja mjini hawakufika hata watatu. Kwa wanawake nao kiwango kilishuka chini ya nusu ya kile cha awali. Uzito uliongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo 2 kwa jinsia zote mbili. Watu hawa hawakubadilika tabia kwa maana ya kuamua jambo. Mji haukuwanyima hata chakula bora, kwa sababu ulaji wao wa matunda na mboga uliongezeka. Walichopoteza ni mwendo uliokuwa umeshonwa ndani ya siku yao: njia ya shamba, ndoo ya maji, kuni, jembe. Kijijini haukuhitaji nia ili utembee, kwa kuwa siku yenyewe ilikutembeza. Kama mwendo ulipotea kimyakimya kwa vipande vidogo, sioni kwa nini tutegemee kuurudisha kwa kishindo kimoja cha Januari.

Kwamba vipande vidogo vina uzito, tumelijua kwa zaidi ya miaka 70, na aliyetufundisha kwanza alikuwa konda wa basi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda walitoka tabaka moja na waliendesha maisha yanayofanana, ila mmoja alishinda amekaa na mwingine alishinda akipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Makonda walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na walioupata hawakufa nao ghafla kwa wingi ule ule. Morris hakuridhika na jibu lake mapema. Alijiuliza kama huenda wanaume wanene ndio waliochagua udereva tangu mwanzo, akaenda kupekua vipimo vya sare zao, na akakuta kweli kwamba viuno vya madereva vilikuwa vipana zaidi. Tahadhari hiyo inapaswa kubaki nasi katika takwimu zote za aina hii. Lakini alipowalinganisha tarishi wa posta, waliopeleka barua kwa miguu na baiskeli, na makarani waliokaa ofisini, picha ilikuwa ile ile, na tafiti nyingi za baadaye katika nchi mbalimbali zikaelekea huko huko. Hakuna konda aliyejiandikisha popote. Ngazi zilikuwa sehemu ya kazi, siku ya furaha na siku ya huzuni.

Tangu hapo kiwango cha chini cha mwendo wenye faida kimezidi kushuka kadiri vipimo vilivyozidi kuwa makini. Mwaka 2011 watafiti wa Taiwan, baada ya kufuatilia zaidi ya watu 400,000, walieleza kuwa waliotembea au kufanya shughuli kama hiyo kwa dakika 15 tu kwa siku walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa kwa asilimia 14 kuliko wasiofanya kitu, na waliweza kutarajia miaka mitatu zaidi ya kuishi. Hatua 10,000 kwa siku, namba inayowakatisha tamaa wengi, haikutoka maabara: ilianza Japani mwaka 1965 kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kikiuzwa baada ya Olimpiki ya Tokyo. I-Min Lee na wenzake walipowapima kwa vifaa wanawake wazee wapatao 17,000 huko Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2019, waliona nafuu kubwa tayari kwenye hatua 4,400 hivi, na kwamba faida ilikoma kuongezeka karibu na 7,500. Shirika la Afya Duniani nalo limelegeza sharti lake. Mwongozo wa mwaka 2010 ulitaka mazoezi yafanywe kwa vipindi visivyopungua dakika 10. Ule wa mwaka 2020 uliliondoa sharti hilo na kukubali kila mwendo uhesabiwe kufikia dakika 150 za wiki. Miaka miwili baadaye, Emmanuel Stamatakis na wenzake waliangalia Waingereza 25,000 waliosema hawafanyi mazoezi kabisa. Wale ambao maisha yao ya kawaida yaliwafanya watwete mara tatu hivi kwa siku, dakika moja au mbili kila mara, kwa kupanda ngazi upesi au kuwahi basi, walikuwa na hatari ya kifo ndogo kwa karibu asilimia 40. Huu ni ushahidi wa kufuatilia tu. Haukutenga watu kwa kura, na wenye afya njema huwa na mwendo mwepesi tangu awali. Hata ukipunguza nusu ya faida kwa sababu hiyo, kinachobaki ni kikubwa kuliko gharama ya ngazi mbili.

Swali gumu zaidi ni hili: kwa nini kitu kidogo kidumu pale kikubwa kiliposhindwa? Hapa ndipo watu wengi huishia kwenye mawaidha, na hapa ndipo utafiti una jambo mahususi la kusema. Mwaka 2002 huko Uingereza wanafunzi 248 waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza liliombwa tu kuandika mazoezi liliyofanya. La pili lilisomeshwa kuhusu hatari ya ugonjwa wa moyo na faida za mazoezi. La tatu lilisomeshwa hayo hayo, kisha kila mmoja akaandika siku, saa na mahali atakapofanya zoezi lake. Waliofanya zoezi katika wiki iliyofuata walikuwa asilimia 38 katika kundi la kwanza, 35 katika la pili na 91 katika la tatu. Elimu peke yake haikusogeza kitu. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwachukua watu 96, kila mmoja akachagua jambo moja dogo la kula, kunywa au kufanya, na kulifunga kwenye tukio moja la kila siku, kama baada ya kifungua kinywa. Ilichukua wastani wa siku 66 jambo hilo kufanyika lenyewe bila kufikiriwa, lakini kwa mwepesi zaidi ilikuwa siku 18 na kwa mzito zaidi ilikadiriwa 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Tazama jinsi tokeo hilo la mwisho linavyopingana na desturi yetu: mtu akikosa siku tatu kwa sababu ya msiba, anahesabu kwamba amevunja, anangoja mwezi mpya aanze upya.

Watu wa mwambao wangeweza kumfundisha Lally sehemu ya somo hili. Kuanzia Lamu hadi Kilwa, ahadi bado hufungwa kwenye sala kuliko kwenye saa: njoo baada ya alasiri, tutaonana baina ya magharibi na isha. Alasiri ina sifa ambayo kengele ya simu haina. Huja kila siku, ya jua na ya masika, na mtu akishainuka kwa ajili yake tayari amevunja kukaa. Anayechagua kurudi kutoka msikitini kwa njia ndefu amepata dakika kumi ambazo hakuzitafutia nafasi. Asiyeswali ana nguzo zake: kumpeleka mtoto shule, kufungua duka, chai ya saa nne, kungoja maji yachemke. Dakika za kungoja maji ya chai zinatosha kuinuka na kukaa kitini mara kumi bila kushika meza, na hili lisidharauliwe kwa kuwa halina jasho. Madaktari hutumia kitendo hicho hicho kupima nguvu ya miguu ya wazee. Karani wa mjini anaweza kushuka kituo kimoja kabla ya chake. Mkazi wa ghorofa ya tatu anaweza kuiacha lifti iende na wenye mizigo. Chaguo lenyewe lina umuhimu mdogo. Lenye umuhimu ni swali la kujiuliza kabla ya kuchagua: je, siku yangu mbaya kuliko zote mwezi uliopita, hili lingefanyika? Kama jibu ni hapana, lipunguzwe hadi liwe ndiyo.

Mezani hesabu ni ile ile, na mfano ulio wazi zaidi ni chai. Kijiko kimoja cha chai hubeba gramu 4 hivi za sukari. Mtu anayekunywa vikombe viwili kwa siku vyenye vijiko vitatu kila kimoja amekula gramu 24 kabla hajagusa andazi wala soda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5; kwa mtu wa kalori 2,000, hizo ni gramu 50 na gramu 25. Kwa hiyo chai peke yake imekaribia kumaliza kiwango kile bora. Anayeapa kuacha sukari kesho atakunywa chai chungu kwa siku nne, kisha atarudi kwa hasira. Anayeondoa nusu kijiko kila baada ya wiki mbili atafika kijiko kimoja ndani ya miezi miwili, na ulimi utakuwa umemfuata, maana ladha ya utamu, kama ya chumvi, hujizoeza kwa kiwango inachopewa. Kwa vikombe viwili hivyo atakuwa ameacha gramu 16 kwa siku, karibu kilo 6 za sukari kwa mwaka. Tangawizi, iliki na mdalasini, ambavyo jiko la Kiswahili linavyo tangu zama, husaidia kujaza pengo. Chumvi nayo inataka hatua moja: kopo liondoke mezani likae jikoni, ili kuongeza chumvi kuhitaji kuinuka.

Atakayesoma haya akiwa na kitambi atauliza, kwa haki, kama ngazi na nusu kijiko vitakiondoa. Jibu la kweli ni kwamba peke yake, kwa wengi, havitakiondoa. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi hutembea na kuchimba mizizi kwa zaidi ya saa mbili kwa siku kwa nguvu ya wastani hadi kubwa, lakini Herman Pontzer na wenzake walipopima nishati wanayotumia, mwaka 2012, waliikuta haizidi ile inayotumiwa na Wamarekani na Wazungu, ukizingatia ukubwa wa miili yao. Mwili hubana matumizi kwingine. Lakini presha, mafuta ya damu na viashiria vingine vya moyo vya Wahadzabe ni vizuri ajabu hata uzeeni. Faida ya mwendo, basi, iko kwenye mishipa, misuli na namna damu inavyoshughulikia sukari, na mtu anayeipima kwa mizani peke yake ataona hasara pasipo na hasara, kisha ataacha. Hii ni mojawapo ya sababu kubwa za watu kuacha ifikapo Machi. Na pia niseme waziwazi: tabia ndogo hazichukui nafasi ya dawa. Mwenye presha au kisukari anayetumia vidonge asiviache kwa kuwa ameanza kutembea. Apime, na uamuzi wa kupunguza auache kwa daktari.

Pingamizi jingine husemwa kwa sauti ya chini. Katika jamii nyingi zetu unene umekuwa ushahidi wa kutunzwa, na kukonda kumezua minong’ono ya maradhi, hasa katika miaka ambayo UKIMWI uliua wengi bila dawa. Mke aliyepungua mwili huulizwa kama nyumbani kuna amani. Mwanamke wa makamo akikimbia barabarani hutazamwa. Sidhani woga huo ni wa kupuuzwa, na hapo ndipo udogo wa tabia unapokuwa ngao. Hakuna anayemtazama mama mwenye baibui akitembea haraka kutoka sokoni, wala anayejua kwamba kikombe chake kina kijiko kimoja. Mabadiliko yasiyotangazwa hayahitaji ruhusa ya mtaa.

Kwa mchukuzi wa viroba pale Kariakoo, au mkulima wa jembe la mkono, nusu ya makala hii haimhusu. Mwili wake umeshafanya kazi kuliko wa mwandishi yeyote. Huyo anachohitaji zaidi ni mapumziko, maji na chumvi kidogo kwenye sahani.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba tunamtwika mtu mmoja mmoja mzigo wa mji mzima. Utamwambiaje ashuke kituo kimoja kabla, wakati kati ya vituo hivyo hakuna njia ya miguu, kuna mtaro ulio wazi, bodaboda zinazopita upande wowote na giza saa moja usiku? Nakubali pingamizi hili karibu lote. Makonda wa London hawakuwa watu wenye nia ya pekee. Basi lao lilikuwa na ngazi. Serikali zetu zimejaribu kuhamasisha. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais wa Tanzania, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Kigali ilianza mwaka huo huo kufunga baadhi ya barabara zake kwa magari Jumapili moja ya mwezi, kisha ikazifanya mbili. Ninazithamini siku hizo kwa sababu zinaondoa aibu ya kukimbia hadharani, lakini kwa ushahidi tulioupitia, jambo la mara moja kwa mwezi haliwezi kuwa mazoea. Halina tukio la kila siku la kujishikiza. Njia za waenda kwa miguu zilizojengwa sambamba na barabara ya mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam kutoka Kimara hadi Kivukoni zinafanya kazi siku zote, bila hotuba, kwa mtu ambaye hajawahi kuwaza habari ya mazoezi. Zingeingia hadi mitaa ya ndani ya Mbagala, Gongo la Mboto na Tandale zikiwa na taa na kivuli cha miti, na mifereji yake ikafunikwa, zingewatembeza watu wengi kuliko jimu zote za jiji. Hilo ni dai la kupelekwa kwa diwani na kwa halmashauri wakati wa bajeti, na anayelipeleka asione haya kusema kwamba ni dai la afya. Bajeti huchukua miaka. Katika miaka hiyo mtaro utabaki wazi, mvua za masika zitanyesha, na kuna jioni nyingi ambazo mkazi wa Mbagala atafika nyumbani saa tatu usiku akiwa hana nguvu ya kutoka tena. Atabandika maji ya chai, na hayo yatachukua dakika saba kuchemka.